Bwana Barka Awatahini Walimu

Sehemu ya tisa

"Nani amekuruhusu kupanda?"

Hivyo ndivyo alivyonguruma Ustadh Abdulghafur, na hapo ndipo tulipoiacha hadithi wiki jana: Bwana Barka amesimama mlangoni pa chumba cha Baraza la Walimu, viatu mkononi, kanzu imelowa jasho mpaka mgongoni, na macho yote ya wakubwa yamemwelekea yeye.

Kwa msomaji aliyekosa gazeti, au aliyefungiwa sukari kwa lile la wiki jana, nitasema kwa ufupi. Bwana Barka Mselem ni muuza mikeka wa Kipungani, mtu mzima mwenye wajukuu. Mwaka wa saba huu, siku tatu kila juma, huja mjini Amu kwa miguu kusoma katika chuo cha Darul Miftahi pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Alhamisi ijayo ni mtihani wa shahada ya ualimu. Akiipata shahada, darasa lake dogo la kule Kipungani litatambuliwa. Akiikosa litafungwa, na watoto ishirini na sita watarudi kurushiana kaa ufukoni.

Na leo, Jumamosi, amesikia kwamba katibu wa Baraza ameleta kanuni mpya: aliyepita miaka arubaini asitahiniwe.

Katibu ndiye huyo Ustadh Abdulghafur, mwalimu wa nahau, aliyerudi kutoka ng'ambo na sanduku la vitabu na kofia tano.

"Nimeuliza, nani amekuruhusu kupanda?"

"Nimejiruhusu mwenyewe," akajibu Bwana Barka. "Mlango ulikuwa wazi."

"Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya upepo!"

"Basi nihesabuni upepo, Ustadh. Nao pia haukuandika barua."

Mwalimu Shekhan wa hesabu akaficha uso ndani ya mkono wa kanzu. Mabega yalikuwa yakimtetemeka.

"Mwacheni aseme!" ikaruka sauti kali ya mwanamke kutoka nyuma ya pazia.

Ustadh akashtuka. Nyuma ya pazia lile hukaa Bi Alawiya, mkuu wa darasa la wanawake, ambaye naye ni mjumbe wa Baraza. Yeye hupiga kura kwa kugonga ukuta kwa mpini wa kipepeo chake cha kujipepea: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Lakini sauti ile haikuwa ya Bi Alawiya.

"Nani huyo?" akauliza Ustadh.

"Mkewe," ikajibu sauti.

"Mke wa nani?"

"Wa huyo upepo."

Sasa hata Bwana Fadhil, mfanyabiashara wa nguo anayewawakilisha wazazi, mtu asiyecheka mpaka auze, akatabasamu.

"Na yeye nani amemruhusu?" Ustadh akapiga meza kwa kalamu.

"Mimi," akasema Bi Alawiya taratibu. "Bi Hindu ametoka Kipungani kwa miguu, amepitia mlango wa wanawake, amekuja kunitembelea. Au wageni wangu nao wamewekewa kanuni?"

Ustadh akameza mate. Msomaji ataelewa kwa nini nikimwambia kwamba Bi Alawiya ni shangazi yake.

"Haya," akasema. "Tuendelee. Mzee huyu akae pale, na anyamaze."

Bwana Barka akakaa. Alikaa juu ya mkeka aliouza mwenyewe. Kunyamaza hakunyamaza.

"Ustadh, hiyo kanuni ina sababu gani?"

"Ina sababu tatu. Kwanza, kichwa cha mzee ni jarife bovu la kuvulia: hutiwa elimu, elimu ikatoka. Pili, shahada ni kwa ajili ya mtu atakayetumikia miaka mingi. Tatu, heshima ya chuo. Watu watasema Darul Miftahi ni mahali pa kungojea kufa."

"La kwanza, nijaribu. La pili, ujuzi wa nani atakufa lini si wako wala wangu. La tatu..." Bwana Barka akageuka kuutazama mwisho wa chumba. "La tatu, sema kwa sauti, Ustadh, mwenyekiti asikie."

Ustadh akajitia kupekua daftari.

Kwa sababu mwenyekiti wa Baraza ni Sheikh Abdulhalim, mwenye umri mkubwa kuliko wote mle chumbani, na wakati huo alikuwa ameegemea ukuta chini ya zidaka, vile vishubaka vya vitabu, kidevu kifuani, akivuta pumzi kama mtoto mchanga. Sheikh hulala kila Baraza. Wala halali kwa uzembe. Yeye husema mwenyewe kwamba husikiliza kwa moyo, na moyo hausumbuliwi na macho.

"Tupige kura," Ustadh akasema haraka. "Mimi naunga mkono kanuni."

"Na mimi," akasema Bwana Fadhil. Hili halikumshangaza mtu. Ustadh amemposa binti yake, Ummu, na harusi ni baada ya Mfungo Sita. Mkwe hampingi mkwe mbele za watu.

"Mimi siungi," akasema Mwalimu Shekhan. "Huyu ndiye mwanafunzi wangu pekee anayejua kugawanya bila kuhesabu vidole vya miguu."

Ukutani kukasikika: ko! ko!

Wawili kwa wawili.

Macho yote yakamwendea Sheikh. Kura yake ndiyo iliyobaki, na Sheikh alikuwa mbali sana.

Hapa lazima nikueleze desturi ya Darul Miftahi. Sheikh haamshwi na mtu. Huamshwa na kahawa. Mazungumzo yakiisha, mpika kahawa anayengoja chini ngazini hupanda na dele lake akigonganisha vikombe. Sheikh akisikia vikombe hufumbua macho, huinua mikono, husema "Al-Fatiha," na watu wote husoma. Na pendekezo la mwisho lililotoka kinywani mwa katibu, hilo ndilo lililopita. Hivyo ndivyo chuo kilivyoendeshwa tangu kuanzishwa, na hakijawahi kuanguka.

"Basi tungoje," akasema Mwalimu Shekhan, akajinyoosha.

Bwana Barka hakungoja.

"Ustadh, Alhamisi ya nini? Nitahini sasa hivi. Hapa. Niulize lolote."

"Lolote?"

"Lolote utakalo."

"Wewe? Muuza mikeka?"

"Mikeka haijaniziba masikio."

"Ustadh, muulize basi," ikasema sauti ya Bi Hindu. "Maana nyumbani hatupumziki na masomo yake. Hata paka wetu anajua faradhi."

Chumba kikaanza kuchangamka. Ustadh alihisi jambo linamponyoka. Akasimama, akavuta koti lake, na akafanya kosa ambalo mtu mwenye elimu hulifanya mara moja tu katika maisha yake: alitaka kuchekesha.

"Subhanallah! Kumbe tumekaa na bahari na sisi hatujui! Basi mimi, katibu wa Baraza, napendekeza hivi: Bwana Barka asitahiniwe kabisa. Yeye ndiye atutahini sisi walimu!"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu Shekhan alicheka, Bwana Fadhil alicheka, pazia lilicheka mpaka likatikisika. Hata Bwana Barka alijikuta meno nje.

Kule chini ngazini, mpika kahawa akasikia kicheko.

Sasa, yule bwana amepika kahawa ya Baraza kwa miaka minane, na hajawahi kusikia mtu akicheka kabla ya mazungumzo kuisha. Kwake yeye kicheko kilikuwa na maana moja. Akabeba dele, akapanda ngazi mbilimbili, vikombe vikigongana mkononi: kling, kling, kling!

Sheikh Abdulhalim akafumbua macho.

Akainua mikono.

"Al-Fatiha!"

Na mikono yote ikainuka. Ukimwambia mtu wa Amu "Al-Fatiha," mikono yake haingoji kichwa. Bwana Fadhil aliinua, Mwalimu Shekhan aliinua, Bwana Barka aliinua. Ustadh Abdulghafur mwenyewe, kicheko hakijamtoka vizuri mdomoni, aliinua mikono akasoma kwa tajwidi safi mpaka mwisho.

"Amin," akasema Sheikh, akapangusa uso.

"Amin," wakasema wote, wakapangusa nyuso.

Kahawa ikamiminwa. Halua ikakatwa. Mwalimu Shekhan akafikisha kikombe mdomoni, kisha kikombe kikasimama hapohapo.

"Ustadh," akasema polepole. "Hebu tusomee tulichopitisha."

Rangi ikamtoka Ustadh.

"Ule ulikuwa mzaha!"

"Fatiha ndiyo mzaha?"

"Hapana! Astaghfirullah! Maneno yangu ndiyo mzaha."

"Na Fatiha umeisoma juu ya maneno gani?"

"Nimesoma kwa mazoea!"

"Vizuri," akasema Mwalimu Shekhan. "Basi andika. Daftari hilo hapo. Andika kwamba Baraza la Walimu la Darul Miftahi limesoma Fatiha kwa mazoea, bila nia. Kisha utie sahihi yako."

Ustadh akaitazama kalamu kama mtu anayetazama nge. Akaiweka chini.

Sheikh akamaliza kipande cha halua, akafuta vidole. "Tumepitisha nini, katibu?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. "Kwamba... kwamba Bwana Barka atutahini sisi walimu, Sheikh."

"Pendekezo la nani?"

"Langu, Sheikh."

Sheikh akamtazama kwa mapenzi makubwa. "Mashallah. Unyenyekevu kama huu kwa kijana ni nadra siku hizi."

Mwalimu Shekhan alipaliwa na kahawa. Ilibidi apigwe mgongoni.

"Lakini, Sheikh," Ustadh akalia, "si inaweza kutenguliwa?"

"Fatiha haisomwi kinyumenyume, mwanangu. Bwana Barka, sogea mbele. Tutahini."

Msomaji, jiweke mahali pake. Mtu amekuja kuomba kiti cha mtahiniwa, amepewa cha mtahini!

Mwalimu Shekhan akamnong'oneza: "Tuulize kitu cha mikeka. Tutashindwa sote. Kisha jipe shahada mwenyewe, uende zako kabla jua halijazama."

Bwana Barka akatikisa kichwa. "Shahada ya namna hiyo, Mwalimu, nitaitundika ukuta gani? Kila nikiitazama itanicheka." Akasogea mbele, akakohoa. "Sheikh, mimi nilitaka kutahiniwa, na bado nataka. Lakini maadamu Fatiha imesomwa, nitauliza. Nina suali moya tu. Nalo ni la Ustadh."

Ustadh akaiweka kofia sawa. Kwa swali moja hakuogopa. Uso wake ulianza kurudi rangi. "Uliza. Nahau? Balagha? Mirathi? Uliza utakalo."

"Ustadh, umri wako ni miaka mingapi?"

Hakuna aliyetarajia. Kikombe cha Bwana Fadhil kilisimama njiani.

"Hilo si swali la elimu!"

"Ndilo lililomo katika kanuni yako."

"Haya! Ishirini na tisa."

"Na shahidi wako nani?"

"Shahidi? Shahidi wa nini?"

"Wa hiyo ishirini na tisa. Ustadh, mimi utanizuia kwa miaka, lakini miaka yangu utaipata wapi? Karatasi sina. Mamangu, Mungu amrehemu, alisema nilizaliwa msimu mmoja baada ya punda wa Kipungani kufa wote. Na punda wale hawakuandikwa popote. Basi nikija Alhamisi nikasema nina thelathini na tisa, utanikatalia kwa kitabu gani? Na kama mimi nataka shahidi, wewe pia wataka. Nani shahidi wako?"

"Mtu anaujua umri wake mwenyewe!"

"Siku ya kuzaliwa alikuwako, lakini hakuwa akiangalia," akasema Bwana Barka.

Ko! Mpini wa kipepeo ukagonga ukuta.

"Shahidi nipo," akasema Bi Alawiya.

"Shangazi, tafadhali..."

"Mwenye kusema kweli haombwi tafadhali. Nilikuwako mimi. Nilikupokea kwa mikono yangu hii, ukiwa mwekundu kama pweza wa kuchoma, na ukipiga kelele kama sasa. Ulikuwa mwaka wa nzige. Mamake Shekhan alikuwa ametoka arubaini siku ileile, akaja kunisaidia kuchemsha maji, Shekhan yuko kifuani ananyonya. Basi wewe na Shekhan mmepishana siku arubaini, haizidi haipungui."

Vichwa vyote vikamgeukia Mwalimu Shekhan.

Mwalimu Shekhan akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayetaka kuila raha yake yote. "Mimi nina thelathini na minane. Sijapata kuificha. Sina wa kumficha."

"Thelathini na minane?" Bwana Fadhil akasimama. Halua ikaanguka mkekani. "Thelathini na minane! Ulipokuja kwangu kumposa Ummu ulisema ishirini na tisa. Tena uliongeza 'na miezi'!"

"Ami, nisikilize. Mimi nilihesabu kwa mwaka wa jua. Nyinyi hapa mnahesabu kwa mwaka wa mwezi."

"Kwa mwaka wa jua unapungua mmoja, Ustadh," akasema mwalimu wa hesabu. "Hiyo minane mingine umeihesabu kwa nyota gani?"

Nyuma ya pazia Bi Hindu alikuwa hajiwezi tena. "Mwacheni bwana harusi," akasema huku akihema. "Mbona hata mikeka huuzwa mipya huku imelaliwa?"

"Binti yangu si mnunuzi wa mikeka!" akafoka Bwana Fadhil. "Hayo tutayazungumza nyumbani, Abdulghafur. Ama hii kanuni yako ya umri, kura yangu nairudisha. Siitaki chuoni, na jina la umri nisilisikie tena mbele yangu, yeo wala kesho!"

Sheikh Abdulhalim akainua kidole. Chumba kikatulia.

"Mimi mwenyewe," akasema, "ndugu yangu wa Pate anasema nina sabini na sita. Mke wangu akifurahi anasema sabini, akikasirika anasema themanini na mbili. Nimeishi bila kujua, na sala zangu hazikuharibika. Mtu akipima nguo kwa dhiraa asiyokuwa nayo, je, anapima, au anakisia? Kanuni hii itupwe. Bwana Barka atatahiniwa Alhamisi pamoja na wenzake. Al-Fatiha."

Safari hii hakuna aliyecheka kabla yake, na mikono iliinuka kwa nia.

Ko! ukasema ukuta, mara moja tu. Kisha vigelegele vya Bi Hindu vikapita juu ya pazia, vikashuka ngazini, vikamfanya mpika kahawa achungulie tena.

Bwana Barka aliinuka. Alichukua viatu vyake, akaviweka chini, akavichukua tena. Miaka saba! Alimpa mkono Sheikh, akambusu begani. Alimpa mkono Mwalimu Shekhan, nusura amvunje vidole.

Angekuwa ameondoka wakati ule, hadithi yangu ingeishia hapa na mhariri angenilaumu. Lakini mtu mwenye kanuni moja huwa na ya pili mfukoni.

"Nampongeza Bwana Barka," akasema Ustadh Abdulghafur.

Sauti yake ilikuwa laini kama samli. Watu wote wakageuka. Alikuwa ameketi, amefungua daftari ukurasa wa nyuma, na rangi yake ilikuwa imerudi yote.

"Nampongeza kwa dhati. Sasa kwa kuwa yeye ni mtahiniwa kamili, nina wajibu wa kumsomea sharti la tatu la mtihani wa ualimu. Nasoma: 'Kila mtahiniwa atapewa mtu mzima mmoja asiyejua herufi, amfundishe, na siku ya mtihani mtu huyo asome mstari mmoja mbele ya Baraza. Akishindwa kusoma mwanafunzi, ameshindwa mwalimu. Mwanafunzi atachaguliwa na katibu.'"

"Tulipitisha lini jambo hilo?" akauliza Bwana Fadhil.

"Mwezi wa Shaabani. Mlikuwa mkila halua."

"Wenzake walipewa wanafunzi wao lini?" akauliza Mwalimu Shekhan, na safari hii hakuwa akicheka.

"Mwezi uliopita. Bwana Barka hakupewa, kwa sababu jina lake halikuwamo katika orodha. Sasa limo."

"Na Alhamisi ni siku tano!"

"Fatiha ilisomwa?" akauliza Sheikh.

"Ilisomwa, Sheikh. Na wewe ndiye uliyeianzisha."

Sheikh akashusha pumzi. Kilichomfunga Ustadh saa moja iliyopita sasa kilimfunga yeye. "Basi hakuna la kufanya."

Lakini Bwana Barka aliangua kicheko kikubwa. "Hilo tu? Ustadh, siku tano ni nyingi! Nina watoto ishirini na sita, wengine hawajui hata kupenga kamasi, na wanasoma. Nipe mtu yeyote. Nipe mvuvi, nipe mpiga mawe. Yeyote utakayemtaja namkubali mbele ya Baraza hili."

"Umesema yeyote?"

"Yeyote!"

"Mwalimu Shekhan, umesikia? Ami Fadhil, umesikia?"

Ustadh akafunga daftari. Hakumtazama Bwana Barka. Alilitazama pazia.

"Bi Hindu wa Kipungani," akasema kwa adabu kubwa. "Samahani kwa kukuuliza mbele za watu. Wewe wajua kusoma?"

Kicheko kikakauka kinywani mwa Bwana Barka.

Pazia halikutikisika. Nje, punda alipita na mzigo wa makuti, ukikwaruza kuta za pande zote mbili, na mle ndani ukasikika wote mpaka ulipomaliza kupita.

"Sijui," ikasema sauti ya Bi Hindu.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mke wa mwalimu!" akasema Bwana Fadhil. Hakusema kwa ubaya. Lilimtoka tu.

Bwana Barka akaligeukia Baraza. Akasema haraka, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika: "Hakuna taabu! Tena imekuwa rahisi zaidi! Mwanafunzi yumo nyumbani mwangu. Yeo hii tukifika tutaanza. Kesho asubuhi atakuwa na herufi kumi, na Alhamisi..."

"Sheikh," akasema Bi Hindu. "Naomba kusema."

"Sema, mwanangu."

"Kusoma nataka. Nataka sana, hata nyinyi hamjui ni kiasi gani." Sauti haikuwa na mzaha hata chembe. "Kwa Bi Alawiya nitasoma, kwa Mwalimu Shekhan nitasoma, hata kwa huyu Ustadh wa mwaka wa nzige nitasoma. Lakini kwa huyu mume wangu, sitaki."

"Hindu!"

"Niache, Barka, nami niseme yangu. Wewe umesema tangu ulipoingia."

Bi Alawiya hakugonga ukuta. Alisema kwa sauti ya chini, "Endelea, mwanangu."

"Miaka saba mikono hii imesuka ukili wa mikeka ili yeye apate kuja Amu. Vidole vimechanika mpaka havishiki sindano. Sikunung'unika, maana niliona fahari. Jioni akiwafundisha watoto barazani, mimi niko jikoni, nasikia sauti zao, nasema nao kimoyomoyo. Basi siku moya, ule mwaka wa pili, nilichukua kijiti, nikaandika herufi moya kwenye majivu ya jiko. Nilifanya siku nzima kuipata. Nikamwita. Nikamwambia, 'Barka, ndoo hapa utazame, ni sawa hii?'"

Kivuli chake kikasogea karibu na pazia.

"Akaja, akatazama. Sheikh, muulizeni alinijibu nini."

Sheikh Abdulhalim alikuwa macho kuliko siku yoyote ya maisha yake. Akamgeukia Bwana Barka. Mwalimu Shekhan akamgeukia. Bwana Fadhil akamgeukia. Ustadh Abdulghafur, aliyekuwa ameshinda, aliinamisha kichwa kana kwamba anatamani asingelishinda.

"Ulimjibu nini, Bwana Barka?" akauliza Sheikh.

Bwana Barka akafungua mdomo. Mirathi alikuwa na jibu lake, hesabu alikuwa na jibu lake, na nahau, kwa kusukumwa, alikuwa na jibu lake. Na hili pia alilijua. Alilikumbuka neno kwa neno, na hilo ndilo lililomfanya asimame pale mbele ya walimu wake wote, viatu mkononi, asiweze kulitamka.